Kirongwe mbele ya luninga: Tunabishania tamthilia, au tunabishania aliyekaa pembeni yetu?

Zipo habari mbili ambazo ukizianzisha barazani hapa Kirongwe, kahawa itapoa na watu hawajakubaliana. Moja ni bei ya nazi, nyingine ni tamthilia za kwenye luninga. Ya nazi ina mwisho wake, kwani akishafika mnunuzi na bei yake mkononi, ubishi umekwisha. Ya tamthilia haina wa kuimaliza. Mmoja atasema vipindi hivi vinaharibu watoto na ving'amuzi vizimwe. Wa pili atajibu kuwa mbona yeye amejifunza humo namna ya kuishi na wakwe. Wa tatu, ambaye aghalabu ni kijana, atacheka na kusema kuwa wanaokataza mchana ndio wa kwanza kukaa mkekani usiku.

Makala hii haikusudii kutoa hukumu ya jumla kuwa tamthilia ni halali au haramu. Wapo wenye elimu ya hilo. Kusudio langu ni dogo zaidi: kuonesha kwamba sehemu kubwa ya ubishi wetu haitokani na tamthilia yenyewe, bali inatokana na nani aliyekaa pembeni yako wakati unaitazama. Tukilielewa hilo, tutajua lipi la kuacha lipite na lipi la kulisemea kwa nguvu.

Luninga si jambo la kale kwetu. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu mwaka 1973, lakini Bara tulikaa zaidi ya miaka ishirini bila kituo, hadi vituo binafsi kama ITV vilipoanza mwaka 1994. Walioanza kutazama zama zile wanalikumbuka kundi la Kaole, akina Mzee Kipara, Bi Hindu na Muhogo Mchungu, na humo ndimo alimopita kijana Steven Kanumba kabla ya kuwa nyota wa filamu hadi alipofariki Aprili 2012. Zikaja tamthilia za Afrika Kusini kama Isidingo, kikaja kizazi cha Ze Comedy, kisha mwishoni mwa 2013 Azam TV ikaanza, na tamthilia za Kituruki zikaanza kusema Kiswahili.

Sasa turudi nyumbani. Katika vijiji vyetu luninga si chombo cha mtu mmoja. Nyumba yenye king'amuzi kilicholipiwa ndiyo ukumbi wa mtaa. Jioni utamkuta baba mwenye nyumba kwenye kiti, mama mkwe kwenye mkeka, mkamwana mlangoni na mtoto mgongoni, mashemeji, wapwa, na watoto wa jirani ambao hakuna anayejua waliingia saa ngapi. Watu hawa hawana uhusiano wa aina moja. Mjukuu na bibi yake ni watani, wanaweza kutazama jambo la ndoa wakacheka pamoja. Mkamwana na baba mkwe wake hawawezi. Mtu na shemeji yake wanacheka, mtu na mama mkwe wake anainamisha uso. Kwa hiyo kipande kile kile cha dakika mbili, mume na mke wamelala kitandani wanazungumza, kwa huyu ni kichekesho na kwa yule ni fedheha ya kumtoa chumbani.

Baba anayesema tamthilia fulani ni mbaya, mara nyingi maana yake ni kwamba ilimwaibisha mbele ya mkwewe. Kijana anayesema ni ya kawaida tu, aliitazama kwenye simu, peke yake, chini ya mwembe. Wote wawili wanasema kweli. Lakini wanabishana kama kwamba walitazama kitu kimoja mahali pamoja.

Chukua mfano wa ile tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake, iliyooneshwa TBC mwaka 2011. Iligusa watu kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Kisa chake ni cha binti aliyeolewa akajikuta ana mama wakwe wawili, mama mzazi wa mume na mama wa kambo. Hakuna jambo la pwani kuliko hilo! Humo mnagombewa vyakula, malezi, pesa na maneno ya pembeni. Nguvu yake ilikuwa nini? Mama mkwe na mkamwana waliweza kuitazama wakiwa mkeka mmoja. Kila mmoja alimwona mwenzake ndani ya sanduku lile bila kutajwa jina. Mama mkwe aliona binti mwenye mdomo, mkamwana aliona mwanamke mvumilivu, na hakuna aliyelazimika kuinamisha uso.

Linganisha na tamthilia za kwetu za miaka ya karibuni, kama Jua Kali na Kombolela, kazi za mtayarishaji Lamata. Hizi zinasifiwa kwa sababu zinazungumza Kiswahili cha uswahilini kilichonyooka, na mtu anamtambua jirani yake humo. Nakubali, na hata jina Kombolela limeokota mchezo wa kujificha ambao kila mtoto wa pwani ameucheza. Lakini ndizo zinazozua ubishi mkali zaidi, na sababu ni ile ile iliyozifanya zipendwe. Mchina akifumaniwa, ni Mchina. Akifumaniwa mtu mwenye lafudhi ya shangazi yako, chumba kizima kinakaa kimya. Anayezipinga si lazima awe mshamba, na anayezitetea si lazima awe amepotoka.

Zipo pia tamthilia ambazo watu hawaziulizi chochote kwa sababu mashujaa wake wanavaa vilemba. Nazungumzia za Kituruki, hususan ile ya Sultani Suleiman. Nimesikia watu wenye heshima zao wakisema kuwa ile ni historia ya Uislamu na watoto waachwe waitazame wapate elimu. Hapa ubishi hautoshi, na ingefaa uongezeke. Waturuki wenyewe hawakukubaliana nayo. Ilipoanza kwao Januari 2011, mamlaka yao ya utangazaji ilipokea malalamiko zaidi ya 70,000. Novemba 2012 Recep Tayyip Erdoğan, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, aliishutumu hadharani akieleza kuwa sultani huyo alitumia maisha yake juu ya farasi, si katika jumba la wanawake.

Nani alikuwa na haki? Kweli Suleiman alitawala kuanzia 1520 hadi 1566 na alifia vitani, katika kuuzingira mji wa Szigetvár huko Hungaria. Kweli pia kwamba Hurrem alikuwapo, na kwamba mtoto wa sultani, Mustafa, aliuawa kwa amri ya baba yake mwaka 1553. Hayo ni ya vitabuni. Lakini maneno yaliyosemwa ndani ya nyumba ya wanawake, nani aliyasikia? Nyumba ile ilifungwa kwa wageni. Mwandishi wa historia hakuingia humo. Kila neno unalolisikia likisemwa kwenye zulia lile limetungwa na mtu aliyekaa mezani Istanbul karne yetu hii, na lengo lake lilikuwa urudi kesho usiku. Mtoto wa Kirongwe anayetaka habari za Waturuki afundishwe kuwa Waturuki walifika pwani yetu hii hii, pale Mir Ali Bey alipokuja na merikebu zake miaka ya 1580 hadi Wareno wakamkamata Mombasa mwaka 1589. Hilo halimo katika tamthilia yoyote niliyoiona.

Wala tusidhani hitilafu hizi ni za watu wasiosoma. Mwaka 2012 ilipooneshwa mwezi wa Ramadhani tamthilia ya Kiarabu juu ya maisha ya Sayyidna Umar, wanazuoni waligawanyika. Al-Azhar waliipinga kwa kuonesha sura za Masahaba, ilhali Sheikh Yusuf al-Qaradawi alikuwa miongoni mwa walioupitia mswada wake. Ikiwa wao walihitilafiana na kila upande ukaeleza hoja yake, sisi kwa nini tunatupiana maneno?

Nije kwenye vichekesho, kwani huko ndiko ninakoona tatizo lenye uzito, na ndiko tunakobishana kidogo mno. Watu husema "ah, ni utani tu." Neno hilo utani tunalitumia vibaya. Utani wa kwetu una kanuni. Una mwenyewe, una mipaka, na kubwa kuliko yote, anayetaniwa anajibu. Mtani wako akikuchapa neno msibani, nawe kesho utamvizia kwake. Bibi akimwita mjukuu mume wake, mjukuu anajibu, watu wanacheka, hakuna aliyedhulumiwa. Vichekesho vya luninga vimechukua sauti ya utani vikaiacha kanuni hiyo. Mchekeshaji wa Dar es Salaam akimwigiza mtu wa pwani kuwa mvivu, hajasoma, kazi yake bao na kahawa, mtu wa Mafia atamjibu kwa mlango upi?

Sisemi vichekesho vyote. Marehemu Amri Athumani, tuliyemjua kwa jina la Mzee Majuto, mwana wa Tanga aliyefariki Agosti 2018, alichekesha mara nyingi kwa kujifanya yeye mwenyewe ndiye mjinga, mchoyo au muoga. Huyo alijitania. Watu wa dini zote na rika zote walimcheka bila mtu kuumia. Akina Joti na Masanja nao, tangu Ze Comedy hadi Orijino Komedi, walipendwa kwa kuwaiga wakubwa, na kumcheka mwenye cheo ni jambo jingine kabisa na kumcheka mnyonge. Wapo waliokwazwa na mwanaume kuvaa mavazi ya kike, na kwa Muislamu pingamizi hilo lina msingi wake. Lakini naona ajabu kwamba tumelisema hilo kila siku, na kudhihakiana, ambako Suratul Hujurat imekukataza waziwazi, tumekunyamazia.

Kuna sura moja ambayo kila mtazamaji wa filamu zetu anaijua: mganga. Mara nyingi mno anavaa kanzu au kofia ya kiua, ana tasbihi, ana kitabu chenye herufi za Kiarabu, na ananuia mabaya. Tuwe wakweli, waganga wa kitabu wapo kwetu, na ngoma za mashetani hapa Mafia hazikubuniwa na mtu wa kamera. Mwongozaji hakumzua mtu huyo. Kosa ni kwamba katika filamu nzima huyo ndiye mwenye kanzu pekee. Hakuna mwalimu mwenye kanzu, hakuna nahodha, hakuna muuza duka. Mtoto wa Mbeya au Mwanza asiyewahi kuonana na mtu wa kisiwani, atatujua kwa huyo tu.

Hapo ndipo ningependa sauti za baraza zielekezwe. Habari ya kitanda na mkwe ni ya nyumba, na mwenye nyumba anaweza kuimaliza kwa kujua nani akae na nani, saa ngapi, na kwa kukaa na watoto wake badala ya kuwaachia simu. Ile ya kudhihakiwa haimalizwi na rimoti, kwani ukizima wewe, wenzako nchi nzima wanaendelea kutazama. Ipo Kamati ya Maudhui ya TCRA, na vipo vituo vyenyewe vyenye anuani na simu. Lakini asiandike mtu kuwa "tamthilia zenu zinaharibu maadili", maana barua hiyo haina mahali pa kushikwa. Ataje jina la kipindi, tarehe, saa, tukio lenyewe, nani alisema nini na nani alikuwa amevaa nini, aongeze majina ya wenzake wa kijiji, na abaki na nakala.