Makombo ya Mezani na Mbwa wa Nyumbani: Kijitabu cha Kaya za Kapalamsenga

Katika kaya nyingi za Kapalamsenga, mbwa hanunuliwi chakula. Anakula kilichobaki: ukoko wa ugali, kichwa cha mgebuka, mchuzi uliolala, na siku ya kuchinja anatupiwa matumbo. Kumlisha makombo si kosa. Mbwa ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka akila hivyohivyo, na tumbo lake linaumudu wanga uliopikwa. Tatizo linaanza anapopewa kile ambacho sisi tumekikataa kwa sababu kimeoza, kimeota ukungu au kimetoka kwa mnyama mgonjwa. Madhara yake hayaishii kwa mbwa. Mengine hurudi nyumbani, na wa kwanza kuyapata ni mtoto anayecheza naye uani.

Vinavyomfaa

Ugali, wa sembe au wa dona, ni salama. Ukiwa peke yake humshibisha mbwa bila kumjenga, hivyo uchanganye na kitu chenye protini. Hapa kwetu kilicho rahisi ni dagaa wa Ziwa Tanganyika. Waoshe mchanga utoke, wachemshe bila chumvi wala viungo, kisha changanya dagaa na maji yao kwenye ugali. Samaki wakubwa kama mgebuka na kuhe watolewe miiba kwanza. Yai lililochemshwa, nyama iliyoiva, maharage yaliyoiva hadi kulainika, wali, boga na viazi vitamu vya kuchemsha vyote vinafaa. Papai na ndizi mbivu apewe kidogo. Embe pia, ila kokwa litupwe mbali, kwa sababu likimezwa huziba utumbo. Maziwa huwaharisha mbwa wengi wakubwa.

Mbwa mkubwa ale mara moja au mbili kwa siku, na watoto wa mbwa mara tatu au nne. Maji safi yawepo kivulini siku nzima, hasa kiangazi kinapokaza mwezi wa 9 na wa 10. Mbwa aliyeshiba hukaa nyumbani akalinda boma na shamba; mwenye njaa huzurura jalalani na kwenye mizoga, akirudi na magonjwa asiyokuwa nayo.

Kitunguu

Hiki ndicho kinachowashangaza wengi, maana kwetu kitunguu ni chakula kizuri, na karibu kila mchuzi huanza nacho. Kwa mbwa kinaharibu chembe nyekundu za damu. Kiasi cha gramu 15 kwa kila kilo ya uzito wa mbwa kinaweza kumdhuru. Kwa mbwa wa kilo 15 hiyo ni gramu 225, yaani kama vitunguu viwili. Hakuna anayempa mbwa wake vitunguu viwili kwa mkono. Lakini akilambishwa masufuria ya mchuzi siku hadi siku, madhara hujumlishana. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, na kitunguu saumu kina nguvu zaidi. Baada ya siku chache utaona fizi zimepauka, mbwa amelegea, na mkojo umekuwa wa kahawia au mwekundu. Njia nyepesi ni kumtengea mbwa sehemu yake kabla kitunguu hakijaingia chunguni.

Mahindi yenye ukungu

Kuna mazoea tunayopaswa kuyaacha kabisa. Wakati wa kuchambua mahindi au karanga, punje nzuri huenda jikoni, na zilizoota ukungu humwendea kuku au mbwa. Ukungu huo unaweza kutoa sumukuvu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini. Mbwa ni miongoni mwa wanyama inaowadhuru upesi. Mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021 huko Marekani, zaidi ya mbwa 100 waliripotiwa kufa baada ya kula chakula cha dukani chenye sumu hiyo. Hicho kilikuwa chakula kilichotengenezwa kiwandani kwa ajili ya mbwa. Fikiria punje ulizozikataa wewe mwenyewe kwa macho.

Sumu hii inaua watu pia. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, waliugua watu 317 na kufa 125 kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Kwetu Tanzania, mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu 68 na kufa 20. Moto wa jikoni hauimalizi, na kuyapika pombe mahindi hayo hakuiondoi. Ng'ombe akila pumba zenye ukungu, sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa. Kwa hiyo punje mbovu zizikwe au zichomwe, asilishwe kiumbe yeyote.

Kinga yake hasa ni kuanika. Anika juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Kujua kama mahindi yamekauka, tia punje kiasi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, funga, tikisa, kisha iache kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani.

Matumbo, maini na mapafu

Siku ya kuchinja mbuzi, kondoo au ng'ombe, mbwa husubiri karibu, na sehemu zenye vivimbe vya maji hukatwa na kutupiwa yeye. Vivimbe vile vinaweza kuwa na viluwiluwi vya minyoo tegu. Mbwa akivila vibichi, minyoo midogo ya milimita chache hukua utumboni mwake kwa maelfu bila yeye kuonyesha ugonjwa wowote. Mayai hutoka na kinyesi, hushika kwenye manyoya, mchanga, mboga na maji. Mtoto akimshika mbwa kisha akala bila kunawa, yai huingia tumboni, na uvimbe wa maji huota kwenye ini au mapafu. Hukua polepole kwa miaka, na mara nyingi tiba yake ni upasuaji.

Wenzetu wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, waliteseka kwa ugonjwa huu kuliko karibu jamii zote duniani, hata mwaka 1983 shirika la afya la AMREF likaanzisha huko mpango maalumu wa kuudhibiti. Sehemu kubwa ya kazi ilihusu mbwa.

Kata sehemu zenye vivimbe, zichome au zifukie kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua. Matumbo mazima yasiyo na kasoro yakatwe vipande vidogo na kuchemshwa kwa nusu saa au zaidi kabla mbwa hajayaonja. Mnyama aliyekufa ghafla asichunwe, asipasuliwe, wala asipewe mbwa. Toa taarifa kwa ofisa mifugo. Muulize pia kuhusu dawa ya minyoo tegu, prazikuanteli, ambayo mbwa anayekula karibu na machinjio anaihitaji angalau mara nne kwa mwaka.

Vingine vya kumnyima

Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, huvunjika na kuwa na ncha kali zinazotoboa utumbo. Pombe ya kienyeji na machicha yake, unga uliotiwa hamira ambao haujapikwa, kahawa, majani ya chai, chokoleti, zabibu, samaki wa chumvi na muhogo mbichi, vyote asipewe.

Akiwa amekula sumu, usimlazimishe kunywa mafuta, maziwa wala maji ya chumvi. Mafuta huweza kuingia mapafuni, na chumvi nyingi nayo ni sumu. Hifadhi mabaki ya alichokula na umwite mtaalamu wa mifugo mapema.

Mbwa anapokula

Watoto wasimkaribie mbwa akiwa kwenye chakula chake, wala wasimnyang'anye mfupa. Mbwa achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani na jeraha ni mkwaruzo tu.