Nani Mwenye Kufasiri Sheria? Shauri la Wavuvi wa Marekani

Katika darasa letu ndugu mmoja alituuliza swali ambalo hatukuona vyema kulijibu kwa maneno mawili matatu. Alisema: "Twasikia kwamba wahafidhina wa Marekani wanaichukia serikali. Basi vipi mtu akichukie kitu na huku anakesha akigombea kukishika?" Tulimwahidi jibu katika waraka huu.

Kwanza yatupasa kuliondoa kosa lililomo ndani ya swali lenyewe. Wahafidhina, tukisema juu ya wale wenye kufikiri, maana kila kundi lina wapiga kelele wake, hawasemi kwamba serikali isiwepo. Wasemalo ni kuwa Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, iliigawa kazi ya kutawala mafungu matatu: Kongresi itunge sheria, Rais azitekeleze, na majaji wazifasiri. Fungu moja likila la mwenziwe, raia hubaki hana pa kushtakia. Na lawama yao kubwa ni juu ya idara za serikali, ambazo kwa madai yao zimekuwa zikifanya kazi zote tatu: idara hutoa kanuni, idara hiyo hiyo huisimamia, na mtu akibisha, idara ndiyo imwambiayo maana ya sheria ni nini.

Maneno haya yakisemwa hivi hivi hayashiki. Natuyatazame chomboni mwa mvuvi.

Sheria ya uvuvi ya Marekani ya mwaka 1976 yairuhusu serikali kumpandisha mwangalizi katika chombo ili atazame kinachovuliwa, samaki wasije wakamalizwa. Hilo wavuvi hawakulikataa. Lakini ujira wa mwangalizi ni juu ya nani? Kwa vyombo vya kigeni, na kwa vile vya Pasifiki ya Kaskazini, sheria imetaja wazi kuwa mwenye chombo atatoa fedha. Kwa wavuvi wa samaki aina ya heringi katika pwani ya Atlantiki, sheria ilinyamaza. Mwaka 2020 idara ya uvuvi ikapajaza pale palipo kimya: nao pia walipe. Idara yenyewe ilikadiria kuwa gharama yaweza kufika dola 710 kwa siku, na kwamba pato la mwenye chombo laweza kupungua hata asilimia 20. Msomaji aliyepata kwenda bahari, na ajuaye jinsi mtu mmoja wa ziada alivyo mzito chomboni hata asipolipwa kitu, hahitaji kuelezwa zaidi.

Wavuvi wa New Jersey na wenzao wa Rhode Island wakashtaki, wakitetewa na mawakili wa jumuiya za kihafidhina. Katika mahakama za chini walishindwa, na kilichowashinda ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1984, iitwayo Chevron kwa jina la kampuni ya mafuta iliyokuwamo katika shauri lile. Hukumu hiyo iliweka kwamba sheria ikiwa na utata, na idara ikaifasiri kwa namna iingiayo akilini, jaji hana budi kuikubali fasiri ya idara hata kama yeye angeifasiri vingine.

Hapa ndipo penye jambo ambalo mara nyingi halisimuliwi. Hukumu ya Chevron ilipotoka, wahafidhina ndio waliofurahi! Rais alikuwa Ronald Reagan. Idara yake ya kulinda mazingira, mwaka 1981, ikiongozwa na bibi Anne Gorsuch, iliifasiri sheria ya hewa safi kwa namna iliyowapunguzia mzigo wenye viwanda. Watetezi wa mazingira wakashtaki, wakashinda katika mahakama ya rufani ya Washington, kisha Mahakama ya Juu ikawageuzia kwa kura 6 bila ya mpinzani. Antonin Scalia, jaji aliyeheshimiwa mno na wahafidhina, aliitetea kanuni ile kwa miaka mingi. Walipoona idara zi mikononi mwao, na majaji wa Washington wako upande mwingine, walitaka majaji wanyamaze. Na miaka ilipopita, aliyesimama mbele kabisa kuipinga Chevron ni jaji Neil Gorsuch, aliyeingia Mahakama ya Juu mwaka 2017, naye ni mwana wa Anne yule yule.

Je, huu ni unafiki? Sisi hatuendi mbio hivyo. Mtu aweza kuiacha rai yake kwa kuona matokeo yake, na matokeo yalionekana. Mwaka 2015 idara ya mawasiliano iliihesabu huduma ya intaneti kuwa ya jamii moja na simu, mwaka 2017 ikaitoa huko, na mwaka 2024 ikairudisha. Na katika muda wote huo Kongresi haikubadilisha hata herufi moja ya sheria. Raia atakayetaka kuijua sheria afungue kitabu, au aulize nani kashinda uchaguzi?

Tarehe 28 Juni 2024 wavuvi walishinda. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba kufasiri sheria ni kazi ya mahakama, na Chevron ikabatilishwa, ila hukumu zilizokwisha kutolewa chini yake zikaachwa zisimame.

Jaji Elena Kagan alipinga, na hoja yake si ya kutupwa. Aliuliza, kwa mfano, jaji atajuaje ni lini mfuatano wa chembe fulani za dawa unastahiki kuitwa protini? Wajuzi wako katika idara. Nasi twaongeza: jaji wa Mahakama ya Juu naye hakuchaguliwa na mtu, na hukaa kitini maisha yake yote. Fungu lililotoka kwa ofisa halikurudi kwa raia. Limekwenda kwa jaji. Wa kulaumiwa kwanza, kwa rai yetu, ni Kongresi yenyewe, ambayo huziacha sheria na utata ili mjumbe asije akaulizwa na wapiga kura kwa nini kaamua hivi.

Kanuni hii ilikuja kujaribiwa upesi, na safari hii kwa wahafidhina wenyewe. Katiba imeitia kodi na ushuru wa forodha mikononi mwa Kongresi. Mwezi wa Aprili 2025 Rais Donald Trump, wa chama chao, alitoza ushuru bidhaa za karibu kila nchi, akiitegemea sheria ya mwaka 1977 juu ya mambo ya dharura, ambayo ndani yake neno ushuru wa forodha halimo. Miongoni mwa waliomshtaki ni mwagizaji wa mvinyo wa New York (biashara yake hatuisifu, lakini haki yake ya kushtaki ni ile ile ya mvuvi), na mawakili wake nao walitoka katika jumuiya yenye kupigania serikali ndogo. Tarehe 28 Mei 2025 majaji watatu wa Mahakama ya Biashara za Kimataifa waliamua kwa kauli moja kwamba sheria ile haikumpa Rais uwezo huo. Mmoja wa majaji hao aliteuliwa na Reagan, mmoja na Obama, na wa tatu na Trump mwenyewe.