Chini ya Sitaha

Kolwezi hakuna bahari. Mtoto wa Kolwezi huyajua malori ya shaba, hulijua gari la moshi linalokwenda Tenke, hujua na sauti ya mashini za mgodi wakati wa usiku. Lakini meli ameiona katika picha tu. Katika picha meli ni nyeupe, inang’aa, na watu wamesimama juu ya sitaha wakitazama maji. Picha haionyeshi kilicho chini.

Watoto ambao baba zao wamefanya kazi katika mgodi wa Kamoto watafahamu upesi. Mtu anayesimama juu ya mgodi huona mnara wa chuma, kamba nene, na gurudumu linalozunguka. Kazi yenyewe haioni. Kazi iko chini ya udongo, mahali pa joto na giza. Meli nayo ni hivyo. Anayetaka kuijua hana budi kushuka.

Mto Lualaba unapita karibu na Kolwezi, lakini katika sehemu hiyo hauchukui meli. Kwenye magenge ya Nzilo maji yanashuka kwa nguvu kati ya mawe. Kwa ajili ya nguvu hiyo bwawa la umeme lilijengwa hapo katika miaka ya 1950. Mbele zaidi, kufika Bukama, mto unatulia. Reli ya kutoka kusini ilifika Bukama mwaka 1918. Zamani zile msafiri wa Katanga alishuka hapo katika gari la moshi, akapanda meli ndogo ya mto mpaka Kabalo. Meli hizo zilikula kuni kama jiko la mpishi. Kutoka Kabalo msafiri alishika tena gari la moshi mpaka Albertville, mji ambao leo unaitwa Kalemie, na hapo akaliona Ziwa Tanganyika. Ng’ambo ya ziwa ni Kigoma, na Kigoma ndiyo nyumbani kwa meli Liemba.

Meli hii ni mzee kuliko mji wa Kolwezi. Mji ulianzishwa mwaka 1937. Meli ilijengwa mwaka 1913, huko Papenburg katika nchi ya Ujerumani, katika kiwanda cha Meyer. Lakini meli ya Ulaya itafikaje katika ziwa lililo katikati ya Afrika? Mafundi waliifungua kipande kwa kipande, wakaitia katika masanduku 5,000. Masanduku yakavuka bahari mpaka Dar es Salaam, kisha yakapakiwa katika gari la moshi mpaka Kigoma. Mafundi watatu wa kiwanda walifuatana nayo: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Pamoja nao walifanya kazi Wahindi na Waafrika wengi, wakiunganisha mabamba ya chuma kwa nyundo na moto, bamba baada ya bamba. Vitabu hutaja majina ya wale watatu. Wale wengine huhesabiwa tu. Tarehe 5 Februari 1915 meli iliteremshwa majini, urefu wake mita 71, na jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Goetzen.

Siku hizo mtu aliyeshuka ngazi mpaka chini kabisa alikuta moto. Meli ilikwenda kwa mvuke. Kwanza kulikuwa na tangi kubwa la chuma lililojaa maji, na chini yake tanuru. Watu wa tanuru walitupa kuni au makaa ndani kwa koleo, mchana na usiku, kwa zamu. Maji yakachemka, yakawa mvuke. Mvuke uliofungwa hutafuta mahali pa kutokea. Kila mtu aliyeona kifuniko cha sufuria kikirukaruka anajua jambo hilo. Mvuke ule ukasukuma pistoni, pistoni zikazungusha mhimili mrefu wa chuma, na mwisho wa mhimili, nje ya meli, rafadha ikazunguka ndani ya maji kama panga na kuisukuma meli mbele. Abiria aliyeketi juu akipigwa na upepo wa ziwa aliona moshi tu ukitoka katika dohani. Mtu wa tanuru hakuona ziwa. Akiacha koleo, hata kwa muda mfupi, moto ulipungua na meli ikalegea.

Mwaka 1916, wakati wa vita, Wabeleji na Waingereza walikuwa wakikaribia Kigoma. Wajerumani wakaamriwa kuizamisha meli yao ili adui asiipate. Amri ni amri. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walishuka chini wakapaka mashini grisi nzito, kila mahali, kama mama anavyompaka mtoto mafuta kabla ya safari ya baridi. Tarehe 26 Julai meli ikazama karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Wabeleji waliiinua, nayo ikazama tena katika bandari ya Kigoma. Waingereza wakaiinua mwaka 1924. Walipofungua mashini wakakuta bado zinafaa! Miaka ile yote ndani ya maji, grisi ilikuwa imezilinda. Tarehe 16 Mei 1927 meli ilianza safari tena kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa lile. Mashini zilezile za mvuke zilifanya kazi mpaka miaka ya 1970, ndipo zikawekwa za dizeli.

Tangu hapo chini hapakuwa na koleo tena, lakini joto lilibaki, na kelele zikazidi. Fundi wa dizeli husema na mwenzake kwa ishara za mikono. Huyapima mafuta, hugusa chuma kwa kiganja ili ajue kama kimepata moto kupita kiasi, husikiliza. Fundi mzuri huyajua maradhi ya mashini kwa sikio.

Vijiji vingi vya Tanganyika havina gati. Meli ilisimama mbali kidogo na pwani, ikapiga honi, na mara mitumbwi ikaja mbio kutoka nchi kavu, imejaa watu, dagaa, kuku na mananasi. Abiria waliingia kwa mlango wa ubavuni, na watoto walipokewa mkono kwa mkono. Mizigo mizito ilinyanyuliwa kwa winchi mpaka tumboni mwa meli. Anayeendesha winchi haoni vizuri kilicho chini. Humtazama mwenzake aliyesimama ukingoni, na kwa mkono wa huyo huongozwa. Mkono ukikosea, gunia huangukia watu.

Watu wengi wa Kongo wanaikumbuka meli hii kwa sababu nyingine. Mwaka 1997, baada ya vita, Liemba ilirudisha wakimbizi kutoka Kigoma mpaka Uvira. Katika muda wa miezi 5 ilifanya safari 22, ikishiriki katika kazi ya kuwarudisha watu zaidi ya 75,000. Mwaka 2015 ikatumwa Kagunga kuwachukua Warundi waliokimbia nchi yao, watu kama 600 kwa kila safari. Juu, watu walikaa wakishikilia mabunda yao na kutazama milima ya nyumbani. Chini, mafundi walipaka grisi.

Kiwanda cha Papenburg hakikufa. Leo kinajenga meli za watalii, yaani meli za watu wanaosafiri kwa kupumzika tu, bila shughuli. Mwaka 2014 kilimaliza meli inayoitwa Quantum of the Seas. Urefu wake ni karibu mita 348. Liemba tano zikipangwa mstari mmoja zingeipita kidogo tu. Huchukua wasafiri karibu 5,000, na wafanyakazi wake ni kama 1,500. Fikirini: wafanyakazi peke yao ni kijiji kizima.

Katika meli nyingi za namna hiyo msafiri anaweza kulipa ili aonyeshwe upande wa nyuma. Wageni wachache hukusanywa asubuhi, na kiongozi huwafungulia mlango mdogo ambao abiria huupita kila siku bila kuutazama. Upande huu wa mlango kuna zulia na taa nzuri. Upande wa pili kuna chuma kilichopakwa rangi, mabomba juu ya kichwa, na ujia mrefu unaotoka mbele ya meli karibu mpaka nyuma. Mabaharia wa meli za Wamarekani huuita I-95, kwa jina la barabara kuu moja ya Marekani. Na kweli ni barabara: hupita mikokoteni ya viazi, marundo ya mashuka, wapishi wanaokimbilia zamu.

Jikoni hakuna usingizi. Waokaji hukanda unga usiku ili mkate uwe tayari alfajiri. Nyama ina chumba chake cha baridi, samaki chake, mboga chake, wala hazichanganywi. Kila aingiaye hunawa mikono kwanza, hata mgeni. Jambo hilo si adabu tu. Ugonjwa wa kuhara ukiingia katika meli huwaangusha mamia kwa siku chache, kwa maana watu wote hula katika vyungu vya jiko moja.

Maji ya kunywa yanatoka wapi? Bahari ni chumvi. Chini kuna mitambo inayochemsha maji ya bahari na kuukusanya mvuke, au inayoyasukuma kwa nguvu katika vichujio vinavyoizuia chumvi. Kuna chumba cha dobi chenye joto kama tanuru, na chumba cha takataka ambamo watu hutenga chupa, karatasi na makopo kwa mikono yenye glavu. Kuna hospitali ndogo. Kuna na kifungo, kwa mlevi anayepigana.

Katika meli nyingi za siku hizi dizeli haizungushi rafadha yenyewe. Dizeli hutengeneza umeme, na umeme hupelekwa kwa nyaya mpaka kwenye mota kubwa inayozungusha rafadha. Nyaya hizo ni za shaba. Ndani ya mota mna shaba iliyozungushwa tena na tena kama uzi katika kibiringo. Rafadha nayo kwa kawaida hufanywa kwa madini ya mchanganyiko, na katika kila kilo 10 za mchanganyiko huo kilo kama 8 ni shaba, kwa kuwa maji ya chumvi hayaili upesi kama yanavyokula chuma. Shaba ikiisha kuyeyushwa haisemi imetoka shimo gani. Inaweza kuwa ya Chile. Inaweza kuwa ya Kolwezi.

Wafanyakazi wengi hulala chini, wawili katika chumba kimoja, na vyumba vingi havina dirisha. Wametoka Ufilipino, Indonesia, India na nchi nyingine nyingi. Hukaa melini miezi 6, hata 9, bila kuwaona watoto wao. Fedha wanayotuma nyumbani hulipa shule na hujenga nyumba. Ukutani, juu ya kitanda, mara nyingi kuna picha ya mtoto aliyevaa nguo za shule.

Ziara ikiisha wageni hupanda ngazi, mlango mdogo hujifunga nyuma yao, na kelele za mashini hukatika mara moja. Upepo unavuma, bahari ni ya buluu. Kule chini waokaji wanavua aproni zao kwenda kulala, na wengine wanaingia zamu.

Maswali

1. Masanduku ya meli yalipita wapi mpaka kufika Kigoma?
2. Kwa nini mashini za Liemba hazikuharibika ndani ya maji?
3. Eleza namna mvuke unavyoiendesha meli.
4. Uliza nyumbani: katika ukoo wako nani amefanya kazi chini ya udongo, na aliona nini huko?