Somo la Kompyuta: Wazazi wa Kibera na Kawangware, Angalieni Hisabati Kwanza

Kila mwanafunzi wa Gredi ya 9 huchagua mkondo atakaofuata katika sekondari pevu, ambayo ilianza na Gredi ya 10 mnamo Januari 2026. Kwa watoto wa Kibera na Kawangware wanaotamani kusomea kompyuta chuo kikuu, uchaguzi huo una uzito kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Sababu yenyewe ni Hisabati.

Mikondo ni mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Kompyuta ni somo la kuchagua lililo katika STEM. Hisabati husomwa na wote, lakini iko ya aina mbili. Wanafunzi wa STEM husoma ile nzito, iitwayo Core; ile nyepesi, Essential, imewekewa mikondo mingine. Anayeikimbia Core kwa kuogopa alama, huku akitamani shahada ya sayansi ya kompyuta, anajifungia njia mapema.

Wapo wazazi wanaohofia kwamba shule isiyo na maabara ya kompyuta humnyima mtoto nafasi ya chuo. Sivyo. Kwa watahiniwa wa KCSE ya 8-4-4, mfumo unaofikia tamati 2027, vyuo vikuu kwa kawaida hutazama Hisabati na Fizikia vinapopokea wanafunzi wa sayansi ya kompyuta. Somo la Kompyuta lenyewe si sharti.

Anayelisoma, hata hivyo, hupata mazoezi ya maana. Katika KCSE lina karatasi ya nadharia, karatasi ya vitendo inayofanyiwa kwenye mashine, na mradi unaoundwa kwa miezi kadhaa. Mradi ndio huwachosha wengi, hasa pale ambapo stima hupotea na saiba hutoza kwa dakika. Dawa ni kupanga kila kitu kwenye daftari kabla ya kulipia mashine: majedwali ya hifadhidata, sura ya fomu, ripoti zitakazotolewa. Kazi ihifadhiwe mahali pawili, kwani flashi hupotea.

Sehemu kubwa ya somo hili, kwa kweli, haihitaji umeme. Chukua kibanda cha maji kinachouza mtungi wa lita 20 kwa shilingi 5. Mwanafunzi aandike hatua za mashine ya kuuza maji hayo. Pokea pesa na idadi ya mitungi. Zidisha idadi kwa 5. Je, pesa zinatosha? Kama hazitoshi, mwambie mteja aongeze, kisha uliza tena. Kama zinatosha, toa bei kwenye pesa, rudisha chenji, jaza maji. Mteja wa mitungi 3 mwenye noti ya 50 atarudishiwa 35.

Sasa mwulize: tangi likiwa limebakisha maji ya mitungi 2 tu? Aliyesahau swali hilo ameunda mashine inayouza maji yasiyokuwepo. Hiyo ndiyo algorithimu, na kuichora kwa chati mtiririko ni kazi ya penseli. Akishaielewa, anaweza kuiandika kwa Python hata kwenye simu ya Android.

Kwa wakazi wa Kibera, tawi la Huduma ya Maktaba za Kitaifa lililoko mtaani liliwahi kujulikana kwa kuwafundisha watoto kwa tabuleti. Inafaa kuuliza huko huduma zilizopo sasa.

Jambo moja la mamlaka: chini ya Katiba ya 2010, kaunti husimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya mitaa, nazo shule za msingi na sekondari ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Malalamiko kuhusu walimu au mashine za sekondari yapelekwe kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Na kabla mtoto hajachagua shule, mzazi amwulize mwalimu mkuu kama Kompyuta inafundishwa huko, kama kuna mwalimu wake, na wanafunzi wangapi hutumia mashine moja.