Kuthubutu Peke Yake Si Ujasiriamali: Leeds na Genk



Ukiulizwa kwenye mtihani maana ya mwelekeo wa kijasiriamali, usijibu "kuthubutu" ukaishia hapo. Danny Miller, katika makala yake ya mwaka 1983, aliunganisha mambo matatu: ubunifu, kuiona fursa kabla ya wengine, na kuthubutu. Chukua hilo la tatu peke yake, na unayebaki naye ni mcheza kamari. Klabu za mpira zinalionyesha jambo hili waziwazi.

Mwaka 2001 Leeds United ya Uingereza ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Viongozi wake wakakopa pauni milioni 60 kwa dhamana ya mapato ya tiketi ya miaka ijayo, wakihesabu kwamba timu itaendelea kushiriki mashindano hayo. Haikushiriki. Rio Ferdinand akauzwa Manchester United mwaka 2002, wengine wakafuata, na mwaka 2004 timu ikashuka daraja. Hata uwanja wa Elland Road uliuzwa. Kufikia 2007 klabu ilikuwa chini ya msimamizi wa madeni na imeshuka hadi daraja la tatu. Ilirudi Ligi Kuu mwaka 2020. Riba tunaijua hukumu yake. Lakini tazama pia hesabu yenyewe: deni lilikuwa la uhakika, mapato ya kulilipa yalikuwa ya kubahatisha.

Sasa tazama Genk, klabu ya mji mdogo wa Ubelgiji uliowahi kuishi kwa makaa ya mawe. Nayo hununua wachezaji, nayo huthubutu. Ila hununua kijana ambaye wakubwa hawajamwona, humpa nafasi ya kucheza, kisha humuuza. Kalidou Koulibaly alitoka Metz 2012, akaenda Napoli 2014. Mbwana Samatta alitoka TP Mazembe Januari 2016, akawa mfungaji bora wa Genk ilipotwaa ubingwa 2019, akaenda Aston Villa Januari 2020. Mchezaji mmoja akishindwa, klabu haifi. Hapo mambo yote matatu ya Miller yapo.

Na sisi? Mwaka 2019, baada ya mvutano wa kodi na leseni kati ya serikali ya Kenya na kampuni za kamari, SportPesa iliondoa udhamini wake. Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki bila mdhamini mkuu kwa mara moja. Kwetu ipo shida kubwa zaidi: fedha ya kamari haiwi halali kwa kuandikwa kwenye jezi.

Lipo chanzo kingine ambacho wengi hawakigusi. Kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka kuanzia 12 hadi 15 hulipwa asilimia 0.25, na kila mwaka kuanzia 16 hadi 23 asilimia 0.5. Sharti ni kuthibitisha kwamba kijana alisajiliwa kwenu. Nimeona timu za mtaani zisizo hata na daftari la majina ya watoto. Anayesoma uhasibu au sheria aanzie timu ya mtaani kwao: majina kamili, tarehe za kuzaliwa, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na usajili rasmi kwenye chama cha mpira cha nchi.