Wakala Asiye na Dhima

Mas-ala ya darsa yetu ya leo ni haya: mtu akikiamrisha chombo kisicho na roho kimpelekee mali yake kwa mtu mwingine, na mali ile ikapotea njiani, ni nani wa kuulizwa? Asidhani mtu kuwa jambo hili li mbali naye. Limekwisha kutufikia milangoni.

Tuchukue mfano. Yuko kijana wa Nyamira afanyaye kazi Dubai. Mamake yuko Kebirigo, ana kishamba cha majani ya chai na migomba michache, naye angojea ada ya skuli ya mtoto mdogo. Zamani kijana angalimkabidhi msafiri mwaminifu, au angalikwenda kwa mfanyabiashara wa hawala. Tangu mwezi wa Machi 2007, M-Pesa ilipoanza Kenya, simu imekuwa ndiyo njia. Na mwaka 2018 M-Pesa na Airtel Money zikaunganishwa, hata pesa zikaweza kutoka mfuko wa mtandao mmoja zikaingia moja kwa moja katika mfuko wa mtandao wa pili.

Lakini kijana wetu ameweka akiba yake katika sarafu za kidijitali. Kama sarafu hizi zajuzu au hazijuzu, maulamaa wamekhitilafiana, wala si maudhui yetu leo. Twataka kujua zapita wapi, na kwa mkono wa nani.

Ijulikane kwanza kuwa kila blokicheni ni daftari la hesabu lililonakiliwa katika kompyuta nyingi, ili asiweze mtu mmoja kulifuta. Daftari la Bitcoin lilifunguliwa Januari 2009, na la Ethereum mwaka 2015. Leo yako mengi. Kila daftari lajijua lenyewe tu. Sarafu iliyoandikwa katika hili haiwezi kutoka ikaingia katika lile, kama vile mstari wa daftari la duka moja usivyoweza kuruka ukaingia katika daftari la duka jirani.

Basi huvukaje? Hujengwa daraja, nalo lina namna tatu. Ya kwanza, sarafu hufungiwa amana upande huu, na upande wa pili hutolewa hati ya kuiwakilisha. Ya pili, sarafu huteketezwa hapa, na mwenye kuitoa huitoa mpya kule. Ya tatu, yuko mwenye akiba pande zote mbili: apokea huku, alipa kule. Mwenye kuijua hawala hatastaajabu. Mali yenyewe haisafiri, yasafiri ahadi.

Sasa limezuka jambo la pili. Programu za akili bandia zimefundishwa kutenda, si kujibu maswali tu. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitoa kanuni iitwayo Model Context Protocol, ambayo kwayo programu kama hiyo hupewa vyombo vya kazi. Mafundi wameunda vyombo vya kuvusha sarafu: programu huuliza bei ya kuvuka, huchagua daraja, hutia saini, hupeleka. Kijana asema tu, "Mpelekee mama dola 100," na mengine huachiwa wakala huyo.

Hapo ndipo penye khatari. Programu yaweza kukosea daftari au anwani, na yaliyokwisha kuandikwa humo hayafutiki. Yaweza pia kuhadaiwa: mtu mwovu huficha maneno ndani ya waraka, nayo ikisoma huyadhani ni amri ya bwana wake.

Na madaraja yenyewe yamekwisha kuvunjwa. Tarehe 23 Machi 2022 liliibiwa daraja la Ronin, lililounganisha daftari la mchezo wa Axie Infinity na Ethereum. Lilikuwa na mashahidi 9, na saini 5 zilitosha kufungua hazina. Saini 4 zilikuwa katika nyumba moja, kampuni ya Sky Mavis. Ya tano ilikuwa ya jumuiya ya mchezo huo, ambayo Novemba 2021 iliiruhusu kampuni itie saini kwa niaba yake kwa sababu ya wingi wa kazi. Disemba ruhusa ikakoma, lakini ufunguo haukurudishwa. Wezi walipoingia katika kampuni walizipata zote 5. Walichukua ether 173,600 na dola za kidijitali milioni 25.5, thamani ya zaidi ya dola milioni 600 ilipotangazwa. Hapana aliyetambua mpaka tarehe 29, mtu mmoja alipotaka kutoa chake asiweze.

Tazameni vyema. Uwakala ulikwisha, ufunguo ukabaki. Na mashahidi walikuwa 9 kwa idadi, lakini nyumba zao hazikuwa 9.

Turejee kwenye swali letu. Wakala sharti awe na akili, aijue mipaka ya idhini yake, na awe na dhima, yaani aweze kuulizwa na kulipa alichokiharibu kwa uzembe. Programu haiapi, haishitakiwi, haina mali ya kulipa. Kwa hiyo, tuiitapo wakala, twaiita kwa majazi. Kwa hakika ni chombo, kama kalamu. Dhima yarejea kwa aliyeamrisha, na kwa aliyeunda au aliyeuza kwa kadiri ya uzembe wake. Kenya nayo, Oktoba 2025, ilitiwa saini sheria ya watoao huduma za mali hizi, ikaweka leseni chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Lakini leseni haimwondolei mtu wajibu wa kutazama.

Basi yampasa mwenye kutumia chombo hiki akipe mfuko mdogo, si akiba yake yote. Akiwekee kiwango kisichopitwa. Aikague anwani na daftari kwa macho yake kabla ya saini. Atangulize kiasi kidogo cha kujaribu. Na kazi ikiisha aiondoe idhini siku ile ile.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Ni nani mwenye funguo za njia upitishayo mali yako?
2. Ni idhini gani uliyoitoa zamani, nawe hujaiondoa?
3. Ada isipofika Kebirigo, je, mama yule amwulize nani?