Uanuwai wa Seli katika Uvimbe wa Saratani na Hatima ya Mgonjwa: Suala la Maarifa na la Lugha

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya uanuwai wa seli ndani ya uvimbe wa saratani na hatima ya mgonjwa. Tunaonyesha kwamba uvimbe mmoja huwa na koo kadhaa za seli zinazotofautiana kijeni, na kwamba tofauti hizo huathiri uwezekano wa maradhi kurudi na muda ambao mgonjwa ataishi. Aidha, tunadai kwamba Kiswahili kinapoutaja uvimbe kana kwamba ni kitu kimoja kisichobadilika, humnyima mgonjwa maelezo anayoyahitaji zaidi pindi dawa iliyomsaidia inapoacha kumsaidia.

1.0 Utangulizi

Neno saratani tumelipata kutoka Kiarabu, ambako lina maana ya kaa na pia ya maradhi. Wayunani wa kale nao waliupa ugonjwa huu jina la kaa. Taswira hii ya mnyama mmoja aliyejificha mwilini ingali hai katika usemi wetu. Husemwa kwamba saratani imeingia, imelala, imeamka, imerudi. Katika kauli zote hizo, mtendaji ni mmoja, na anayerudi hudhaniwa kuwa ndiye yuleyule aliyeondoka.

Utafiti wa miongo ya karibuni unatoa picha tofauti. Uvimbe wa saratani ni umma wa seli wenye asili moja lakini wenye tabia mbalimbali. Swali la msingi la makala haya ni: je, wingi wa aina za seli katika umma huo una uhusiano gani na hatima ya mgonjwa? Swali la pili, linalotuhusu sisi wanafunzi na walimu wa lugha, ni: je, tunayasema haya vipi kwa Kiswahili kinachoeleweka?

2.0 Dhana ya Ukoo wa Seli

Mnamo 1976, mtafiti Mmarekani Peter Nowell alichapisha katika jarida la Science hoja kwamba saratani hukua kwa njia ya mageuko. Kwa mujibu wa hoja hiyo, uvimbe huanza na seli moja. Seli hiyo hugawanyika, na kila igawanyikapo hulazimika kunakili DNA yake. Unakili huo huweza kuwa na kasoro, na kasoro hurithiwa na seli zitokanazo. Nyingi ya kasoro hizo hazina athari. Chache huipa seli nguvu ya kuzaana upesi zaidi, kukwepa kinga ya mwili au kustahimili dawa. Seli zenye nguvu hiyo huongezeka na kuunda kundi lao.

Kundi kama hilo tunaliita ukoo wa seli. Istilahi hii ina faida ya kueleweka mara moja: wana ukoo hushiriki nasaba moja, ilhali koo mbili zaweza kuwa na babu mmoja wa mbali. Hata hivyo, tahadhari ya kimofolojia yahitajika. Wingi wa ukoo ni koo, umbo ambalo pia ni jina la kiungo cha mwili, na saratani ya koo ni maradhi yanayotajwa sana nchini Kenya. Kwa sababu hiyo tunapendekeza kutumia kirai kamili, koo za seli, ili kuepuka utata.

Nasaba ya koo hizi hufananishwa na mti. Mabadiliko ya jeni yaliyotokea mapema yako kwenye shina, hivyo hupatikana katika kila seli ya uvimbe. Yaliyotokea baadaye yako kwenye matawi, nayo hupatikana katika baadhi ya seli tu. Tofauti hii ya shina na matawi ina athari kubwa katika matibabu. Dawa inayolenga badiliko la shinani ina nafasi ya kuzifikia seli zote. Inayolenga badiliko la tawini huliacha tawi jingine likiendelea kumea.

3.0 Ushahidi wa Kitafiti

Ushahidi wa wazi ulitolewa mwaka 2012 na Marco Gerlinger, Charles Swanton na wenzao jijini London. Watafiti hao walichukua sampuli kutoka sehemu mbalimbali za uvimbe uleule wa saratani ya figo. Waligundua kwamba kati ya asilimia 63 na 69 ya mabadiliko ya jeni hayakupatikana katika kila sehemu ya uvimbe. Kwa maneno mengine, kipande kimoja kilichokatwa kwa uchunguzi hakikuweza kuusemea uvimbe mzima. Hali ni kama ya mtafiti wa lahaja anayemhoji mzee mmoja wa Lamu kisha akadai kwamba ameshaeleza Kiswahili chote cha pwani.

Je, uanuwai huu huathiri uhai wa mgonjwa? Mwaka 2016, Noemi Andor na wenzake walichapisha uchanganuzi wa sampuli 1,165 za uvimbe kutoka aina 12 za saratani. Asilimia 86 ya uvimbe huo ilikuwa na angalau koo mbili za seli. Pale ambapo koo zaidi ya mbili zilikuwamo katika sampuli moja, hatari ya kifo iliongezeka kwa takriban mara moja na nusu.

Hata hivyo, uchanganuzi huohuo ulitoa tokeo ambalo msomaji huenda hakulitarajia. Koo zilipozidi nne, hatari ilipungua. Watafiti walifasiri kwamba kuyumba kwa jenomu kuna faida na gharama. Kasoro chache huipa seli mbinu mpya, lakini kasoro zikizidi kiasi, huidhoofisha seli yenyewe. Basi si sahihi kusema kwamba kadiri aina za seli zinavyoongezeka ndivyo mgonjwa anavyozidi kuangamia. Uhusiano upo, ila haufuati mstari mnyoofu.

Jambo la pili la kuzingatia ni aina ya uanuwai. Mwaka 2017, mradi wa TRACERx wa Uingereza ulitoa matokeo ya wagonjwa 100 wa saratani ya mapafu ambao uvimbe wao uligawanywa katika sehemu 327. Seli zilipotofautiana sana katika idadi ya nakala za vipande vya kromosomu, hatari ya maradhi kurudi au mgonjwa kufariki ilikaribia mara tano ya ile ya wagonjwa wengine. Tofauti za herufi mojamoja za DNA hazikuonyesha uhusiano wa namna hiyo. Kuhesabu tofauti pekee hakutoshi, basi. Ni lazima kuuliza ni tofauti za nini.

4.0 Kwa Nini Dawa Huacha Kufanya Kazi

Kutokana na maelezo haya, tunaweza kufahamu jambo linalozitesa familia nyingi. Mgonjwa hupewa dawa, uvimbe ukanywea, watu wakashukuru. Baada ya miezi kadhaa uvimbe hukua tena na dawa ileile haifui dafu. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba dawa iliua ukoo mkubwa, ikauacha ukoo mdogo uliokuwa sugu tangu mwanzo. Ukoo huo ulipopata nafasi na lishe vilivyoachwa wazi, ulitanuka.

Kanuni hii si ngeni kwetu. Kifua kikuu hutibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja kwa kuwa dawa moja pekee huacha bakteria sugu zikitawala. Msingi huohuo huwaongoza madaktari wa saratani wanapochanganya dawa zinazoua kwa njia tofauti. Wapo pia watafiti waliojaribu njia nyingine. Katika jaribio dogo la wagonjwa 11 wa saratani ya tezi dume, lililochapishwa mwaka 2017 na watafiti wa kituo cha Moffitt kule Florida, dawa ilisitishwa kipimo cha damu kiliposhuka hadi nusu, ikarudishwa kilipopanda tena. Nia ilikuwa kuziacha seli zisizo sugu zishindane na zile sugu, ili hizi zisitawale. Maradhi yalidhibitiwa kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa kwa tiba ya kawaida, ingawa jaribio la wagonjwa wachache kiasi hicho haliwezi kuwa kauli ya mwisho.

5.0 Lugha ya Kumweleza Mgonjwa

Ni katika hatua hii ambapo uteuzi wa maneno hugeuka kuwa suala la uhai na heshima. Kauli inayosikika sana ni kwamba mwili umezoea dawa. Kauli hii ina upungufu wa kimantiki, kwa kuwa inauhukumu mwili wa mgonjwa ilhali zilizo sugu ni seli za uvimbe. Matokeo yake, mgonjwa hujilaumu, jamaa humshuku kuwa aliruka dozi, au dawa husemekana kuwa bandia. Hayo huweza kutokea kweli, lakini hayapaswi kuwa maelezo ya kwanza.

Linganisha kauli hiyo na hii: "Mama, dawa ile ilifanya kazi. Iliua seli nyingi, lakini zilikuwapo nyingine chache za aina tofauti ambazo haikuziweza, na sasa ndizo zilizoongezeka. Ndiyo maana tunataka kuchukua kipande kingine tukichunguze." Maneno haya hayana istilahi ngumu hata moja. Yanamwondolea mama lawama, tena yanamweleza kwa nini anaombwa avumilie sindano ya pili.

Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo haitakuwa na maana kwa mgonjwa iwapo habari za mwili wake zitamfikia zikiwa nusunusu. Kazi ya kuunda istilahi haikomi kwenye kamusi. Inapaswa kufika pale daktari na mgonjwa wanapotazamana.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba uvimbe wa saratani ni mkusanyiko wa koo za seli, kwamba uanuwai wa koo hizo huhusiana na hatima ya mgonjwa kwa namna isiyo ya moja kwa moja, na kwamba aina ya tofauti ina uzito sawa na idadi yake. Tunapendekeza kwamba wanafunzi wa tafsiri na isimujamii washirikiane na wenzao wa vitivo vya tiba katika kuandaa maelezo mafupi ya Kiswahili kuhusu sampuli, usugu na kurudi kwa maradhi, kisha wayajaribu kwa wagonjwa wenyewe kabla ya kuyachapisha. Mgonjwa anayeelewa kwa nini tiba yake inabadilishwa ana sababu ya kurudi kliniki. Asiyeelewa huenda asirudi.